MAJI YA BUSTANI WAKATI WA KIANGAZI: YANAPOTELEA WAPI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Mwaka huu nimeona nisiandike juu ya mapenzi wala juu ya mpira, maana wenzangu wameyashughulikia hayo vya kutosha. Nataka tuzungumze juu ya maji. Wala si maji ya bahari au ya maziwa makuu tunayosoma katika Jiografia, bali maji ya bustani ya nyumbani, yale tunayomwagilia sukuma wiki wakati wa kiangazi.

Huenda ukasema, "Aa, hayo ni mambo ya akina mama." La hasha! Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa ndio tunaobeba mitungi. Tukitoka shuleni saa kumi na nusu hatwendi bwenini kulala, tunakwenda kwenye foleni ya maji. Basi kama kuna watu wanaopaswa kujua maji yanapotelea wapi, ni sisi.

KIANGAZI NI NINI HASA?

Kiswahili kina utajiri wa majina ya majira. Masika ni mvua nyingi za kati ya Machi na Mei. Vuli ni mvua za kati ya Oktoba na Desemba. Kipupwe ni wakati wa baridi, Juni hadi Agosti. Kiangazi ni wakati wa jua kali, hasa Januari na Februari. Majina haya yalizaliwa pwani, lakini hata sisi wa bara tunayatumia.

Hapa kwetu Machakos mambo yana namna yake. Mvua za vuli ndizo tunazozitegemea zaidi kuliko za masika. Baada ya Mei mvua hukatika, na ukame huendelea hadi Oktoba. Mnamo Juni na Julai baridi hutuficha ukweli, kwa kuwa udongo haukauki upesi. Ikifika Agosti na Septemba jua huwaka kweli kweli, upepo huvuma, vumbi jekundu hujaa hata ndani ya madaftari. Ndipo mfereji nao hukohoa, hutema hewa, kisha kimya.

Kenya yetu huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye uhaba wa maji. Wataalamu husema nchi ina uhaba ikiwa maji yake yanayopatikana kila mwaka, yakigawanywa kwa watu wote, hayafikii mita za ujazo 1,000 kwa kila mtu. Sisi tuko chini ya kiwango hicho. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi, mifugo ikafa kwa wingi. Kisha Machi hadi Mei 2024 mvua ikanyesha mpaka ikawa mafuriko, nyumba zikasombwa na watu wakafa. Ajabu ilioje! Maji yakatuua kwa kukosekana, kisha yakatuua kwa kuzidi. Hili linatufunza jambo moja: shida yetu si kupata maji tu, bali pia ni kuyaweka yanapokuja.

BUSTANI YENYEWE

Ili nisizungumze hewani, nitatumia mfano wa bustani ya kwetu. Ina vitanda vinne, kila kimoja kina upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Kwa hivyo eneo lake ni mita 20 za mraba. Ina miche 65 hivi ya sukuma wiki. Mama huchuma majani mara mbili kwa wiki, kila mche hutoa majani manne hivi kwa wiki, nayo hufungwa mafungu. Mengine tunakula na ugali, na yanayobaki, mafungu 30 hivi, huuzwa kando ya barabara. Wakati wa kiangazi fungu moja ni shilingi 20. Piga hesabu: shilingi 600 kwa wiki.

Pesa hizo si nyingi machoni pa mtu mwenye gari, lakini kwetu ndizo chakula changu cha mchana shuleni na nauli ya ndugu yangu mdogo anayesoma mbali. Mboga hii haikuitwa sukuma wiki bure. Kwetu husukuma wiki, husukuma mwezi, na husukuma muhula.

Mwezi wa Agosti mwaka jana mfereji wetu ulikauka kabisa. Mama akatuita akasema, "Wanangu, tukinunua maji ya kumwagilia kama tulivyozoea, bustani itatula badala ya sisi kuila. Heri tuing'oe." Neno hilo lilituchoma. Nikamwomba anipe wiki moja tu nipime kabla hajang'oa. Hayo ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapima, pamoja na yale niliyofunzwa na mwalimu wetu wa Kilimo na nyanya yangu. (Nanena nyanya mzaa mama, si nyanya ya kachumbari. Ingawa naye hizo anazilima!)

HESABU YA MPIRA

Mfereji ulipokuwa ukitoka, mjomba ndiye aliyekuwa bwana wa kumwagilia. Maji yalikuja siku mbili kwa wiki. Yeye alifunga mpira kwenye mfereji, akauacha bustanini saa nzima, huku akisikiliza redio kivulini. Ukimwuliza alijibu, "Mboga ikilowa imelowa tu."

Nilikwenda kwa jirani ambaye mfereji wake ulikuwa bado unatoka, nikaomba kupima. Mpira kama wetu ulijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili. Maana yake ni lita 10 kila dakika. Kwa saa moja ni lita 600. Kwa siku mbili za wiki ni lita 1,200, yaani mitungi 60! Mwenye mkokoteni alikuwa akituuzia mtungi kwa shilingi 10. Mitungi 60 ni shilingi 600. Kumbe! Mama alikuwa amesema kweli tupu. Mauzo ni 600 na maji ni 600. Faida ni jasho.

Sasa swali likaja: je, sukuma wiki huhitaji maji hayo yote? Mwalimu wa Kilimo alinieleza kwamba siku ya jua kali, mboga na udongo wake hupoteza kiasi cha maji kinacholingana na milimita 5 za mvua, siku nyingine zaidi kidogo na nyingine pungufu. Hapa kuna siri nzuri ambayo kila mwanafunzi aikariri: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hivyo bustani ya mita 20 za mraba huhitaji lita 100 kwa siku, au lita 700 kwa wiki. Ni mitungi 35.

Mjomba alitumia 60. Mitungi 25 ilikwenda wapi? Tuifuate, mpenzi msomaji, kama askari anavyomfuata mwizi.

MAJI HUPOTELEA WAPI?

Kwanza, hupotelea njiani. Mpira ukitupwa bustanini humwagilia pia vijia vilivyo kati ya vitanda. Huko hakuna mboga, ila magugu. Magugu hayana adabu, hunywa bila kukaribishwa, halafu huiba na mbolea. Mwenye kumwagilia magugu ni sawa na mwenye kumlisha panya ghalani.

Pili, hutiririka. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua hufanya ganda gumu juu kama ukoko wa wali. Maji mengi yakimwagwa kwa nguvu hayapati nafasi ya kuingia, basi huteremka mteremko na kwenda zake, tena hubeba udongo mzuri na samadi.

Tatu, huzama kupita mizizi. Maji yakizidi mahali pamoja huteremka chini sana ambako mizizi ya sukuma wiki haifiki. Huko huondoka na chakula cha mmea kilichoyeyuka. Ndiyo maana wakati mwingine mboga iliyonyweshwa sana huwa ya manjano, na mwenyewe akidhani ina kiu huizidishia.

Nne, hugeuka mvuke. Mjomba alimwagilia saa saba mchana. Wakati huo jua liko utosini, udongo una joto, na upepo umeanza. Maji yaliyoko juu ya udongo na juu ya majani hurukia hewani kabla hayajaingia. Ukitaka kuona kwa macho yako, mwaga kikombe cha maji juu ya saruji mchana, kisha hesabu dakika. Halafu fanya hivyo jioni.

Tano, huvuja. Wengi hudharau tone. Kwa jirani huyo nilikuta kiungo cha mpira na mfereji kinavuja. Nikatega kopo la nusu lita chini yake, likajaa kwa dakika 40. Hiyo ni lita 18 kwa siku, karibu mtungi mzima. Kwa siku 30 ni lita 540, yaani mitungi 27. Wahenga walisema, chururu si ndo! ndo! ndo! Walijua kwamba kidogo kisichokoma hushinda kingi cha mara moja. Dawa ya uvujaji ule ilikuwa kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa kwa waya. Bei yake ni bure kwa fundi wa baiskeli.

NJIA ZA KUYAOKOA

Sasa tuingie kwenye kiini cha makala. Njia hizi zote nimeziona kwa macho, na nyingi tumezitumia kwetu. Hazihitaji pesa nyingi, zinahitaji mkono na akili.

(a) Mwagilia wakati ufaao. Asubuhi kabla jua halijapanda au jioni likiwa linatua. Asubuhi ina nafuu moja: majani hukauka mapema, na ukungu unaoshambulia mboga haupati makao. Lakini sisi wa shule ya kutwa asubuhi tunakimbizana na kengele, kwa hivyo jioni yatosha, mradi umwage kwenye udongo, si juu ya majani.

(b) Mwagilia kwa kina, si kwa kuonja. Wapo watu wanaonyunyiza kidogo kila siku, udongo ukageuka rangi juu wakaridhika. Chimba kwa kidole utaona chini ni vumbi. Maji hayo ya juu ndiyo yanayoondoka kwanza na jua, tena mizizi hubaki juu juu ikiyatafuta. Ni afadhali kumwagilia vizuri kila baada ya siku mbili au tatu, maji yaingie, mizizi iyafuate chini. Kipimo chetu ni kidole. Ingiza kidole cha shahada hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, rudi nyumbani ukafanye kazi ya shule. Ukikuta ukavu, lete maji.

(c) Funika udongo kwa matandazo. Hii ndiyo njia iliyotushangaza zaidi. Tulikusanya nyasi kavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na maganda ya kunde, tukavitandaza kati ya miche, unene wa vidole vinne hivi. Matandazo huukinga udongo na jua na upepo, huzuia ganda gumu, na huyanyima magugu mwanga. Vitanda vyenye matandazo tuliweza kuvimwagilia kwa thuluthi mbili tu ya maji ya kawaida, na mboga haikulegea. Lakini jihadhari! Hapa kwetu mchwa ni wengi. Usiyasogeze matandazo hadi kwenye shina, acha nafasi ya upana wa kiganja, na uyafunue mara kwa mara uone kama kuna wageni. Pia usitumie nyasi zenye mbegu, la sivyo utakuwa umejipandia magugu.

(d) Tia samadi na mboji. Udongo usio na mbolea ya asili ni kama kikapu, maji huingia na kutoka. Ukitia samadi iliyooza vizuri huwa kama sifongo. Mnyama wa jirani akikupa samadi mbichi, usiitie moja kwa moja, itaunguza miche. Iache ioze kwanza.

(e) Zamisha kitanda. Katika vitabu vya Kilimo tunafunzwa kutengeneza matuta yaliyoinuka. Hayo ni mazuri mahali penye maji mengi. Penye ukame fanya kinyume: chimba kitanda kishuke chini ya vijia kwa kiasi cha shubiri moja, weka samadi na majani chini, rudisha udongo mpaka pabaki shimo dogo. Maji ukiyamwaga hayana pa kukimbilia.

Wazee wetu wa Ukambani hawakuwa wageni katika elimu hii. Miaka ya 1930 milima ya Machakos ilikuwa imemomonyoka vibaya, hata wakoloni wakaandika kwamba nchi inageuka jangwa. Lakini wakulima wakachimba matuta shambani mwaka baada ya mwaka, wengi wao wakiwa akina mama katika vikundi vya mwethya. Mwaka 1994 kilitoka kitabu cha watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki kilichoonyesha kwamba watu waliongezeka mara tano hivi tangu miaka hiyo, na bado udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri kuliko zamani. Jambo la kutufurahisha sisi wana Chama ni kwamba aina moja ya matuta hayo, ambayo mtu huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, hujulikana hata katika vitabu vya Kiingereza kwa jina la "fanya juu". Ile ya kutupa udongo upande wa chini ni "fanya chini". Wazungu wenyewe wameshindwa kulitafsiri. Nani tena atasema Kiswahili si lugha ya sayansi?

(f) Mlishe kila mche kwa chupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa za plastiki bado zimejaa mitaroni. Okota moja, ioshe, toboa vitundu viwili au vitatu kwenye kifuniko kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, kisha ikate kitako. Ifukie kichwa chini miguu juu kando ya mche. Ukitia maji hudondoka polepole hadi kwenye mizizi. Hakuna linalokwenda kwenye magugu. Kwa nyanya na pilipili hoho njia hii ni dawa. Kwa sukuma wiki 65 utachoka kutafuta chupa, lakini unaweza kuanza na kitanda kimoja. Nyanya yangu yeye hutumia chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Hukifukia hadi shingoni, hukijaza maji na kukifunika. Maji hupenya kwenye kuta za chungu kadiri udongo wa nje unavyokauka. Nilipomweleza kwamba njia hii inasomwa vyuoni alicheka akaniambia, "Mjukuu wangu, chungu hakikusoma, lakini kinajua kugawa."

(g) Umwagiliaji kwa matone. Ni ndugu wa chupa, ila mkubwa. Ndoo ya lita 20 huwekwa juu ya jukwaa la mita 1 hivi, na mirija yenye vitundu hulazwa kandokando ya miche. Maji huteremka yenyewe. Kasoro yake ni kwamba vitundu huzibwa na uchafu, kwa hiyo maji yachujwe kwa kitambaa, na mirija ioshwe kila mara.

(h) Bustani ya gunia. Kwa wenzetu wanaoishi plotini ambako hakuna hata mahali pa kuanika nguo, gunia moja latosha. Lijaze udongo na samadi, katikati simamisha nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu. Panda miche juu na ubavuni kwenye matundu. Maji ukiyamwaga kwenye mawe huenea gunia lote. Kibera kule Nairobi bustani hizi zimelisha jamaa nyingi.

(i) Tumia maji mara mbili. Maji ya kusuuza mboga, mchele na matunda ni safi kabisa kwa bustani. Maji ya kusuuza nguo na ya kuoga yanafaa pia, lakini yana masharti. Usitumie maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, wala povu zito la sabuni ya unga, maana chumvi zake huharibu udongo. Usitumie maji yaliyofulia nguo za mtoto mchanga zenye kinyesi. Yamwage kwenye udongo, si juu ya majani, na usiyatumie kwa mboga zinazoliwa mbichi kama dania na karoti. Usiyalaze, yatumie siku hiyo hiyo kabla hayajanuka. Na kila baada ya mara kadhaa mwagilia kwa maji safi ili uoshe chumvi. Kwetu tuko watano, na tunapata mitungi 10 kwa wiki kwa njia hii.

(j) Teka maji ya paa. Ikumbuke ile siri ya milimita moja. Paa letu la mabati lina mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo si kubwa, hutupa lita 400. Tuseme nyingine zinarushwa na kupotea, zikabaki 320. Hiyo ni mitungi 16 kwa mvua ya alasiri moja! Gata, pipa na kifuniko ndivyo vinavyohitajika. Kifuniko si pambo. Pipa wazi ni hospitali ya uzazi ya mbu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa, usiihifadhi, kwa kuwa imejaa vumbi na kinyesi cha ndege.

HESABU YA PILI

Turudi kwenye shilingi zetu. Mahitaji yalikuwa mitungi 35 kwa wiki. Kwa matandazo yakashuka hadi 24 hivi. Mitungi 10 ilitoka kwa maji yaliyotumika nyumbani. Ikabaki kununua mitungi 14 tu, shilingi 140. Toa hiyo kwenye 600, hubaki shilingi 460 kwa wiki. Mama aliposikia hesabu hiyo hakusema neno, alikwenda akarudisha jembe ghalani. Bustani haikung'olewa. Ilifika hadi mvua za vuli, nami nikala chakula cha mchana shuleni muhula wote. Hata mjomba alibadilika, ingawa redio hakuiacha.

JE, TUSIMAMISHE BUSTANI KABISA?

Katika mjadala wa Chama muhula uliopita, wenzetu wa upande wa upinzani walitoa hoja nzito. Walisema kwamba mahali ambapo watu hupanga foleni kwa maji ya kunywa, ni dhambi kuyamwagia mboga. Sitaki kuipuuza hoja hiyo. Ni kweli kwamba binadamu ni wa kwanza. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kiasi cha kutosha. Sukuma wiki haikutajwa humo kama mtu!

Ni kweli pia kwamba mzigo wa maji huwaangukia wasichana zaidi. Darasani kwetu wapo waliochelewa mara nyingi Septemba iliyopita, na sababu ilikuwa mtungi. Bustani inayomtoa msichana darasani ni bustani yenye hasara, hata ikiwa kijani kama kasuku.

Lakini kifungu hicho hicho cha 43 kinataja haki ya kutokuwa na njaa. Chakula hakitoki hewani. Jibu langu ni kwamba tupange zamu: kinywa kwanza, sufuria pili, mwili tatu, bustani nne. Maji yanayotoka kwenye mwili na sufuria ndiyo yaende bustanini. Maji ya mfereji au ya kununua yawe ya kujazia tu. Na ikiwa hata hayo hayapo, punguza vitanda. Vitanda viwili vilivyoshiba ni bora kuliko vinne vyenye kiu. Tena tusiwe watumwa wa sukuma wiki. Kunde, mchicha na mnavu ni mboga za wazee wetu zenye nguvu mwilini, na kunde hustahimili ukavu kuliko sukuma wiki.

TUANZE NA SHULE YETU

Nyuma ya jikoni ya shule kuna mfereji wa kunawia mikono. Wanafunzi mia kadhaa hunawa pale kila mchana, na maji yote huingia mtaroni yakafanya tope ambalo hata bata hawalitaki. Napendekeza Chama chetu kishirikiane na wenzetu wa Kilimo tuchimbe mfereji mdogo wa kuyapeleka kwenye migomba na mipapai. Migomba hunywa sana, na haichagui. Paa la ukumbi nalo ni kubwa, lakini gata zake zilianguka na hazijarudishwa. Kila mvua ikinyesha tunatazama maelfu ya lita yakitupita huku tumesimama barazani na mitungi mitupu. Tarehe 22 Machi kila mwaka ni Siku ya Maji Duniani. Badala ya kuiadhimisha kwa hotuba peke yake, tuiadhimishe kwa nyundo na misumari.

TAMATI

Kwa ufupi, wenzangu, kabla hujasema maji hayatoshi, fanya mambo manne. Pima unayotumia. Ziba yanayovuja. Funika udongo. Tumia tena yaliyotumika. Ukishafanya hayo, na bado maji hayatoshi, ndipo ulalamike, nami nitalalamika pamoja nawe.

Jumamosi hii chukua ndoo ya lita 20 na saa, upime mfereji wa kwenu, kisha ulete jibu katika mkutano wa Chama siku ya Jumatano. Tutayaandika ubaoni tuone ni nani ana mjomba kama wangu. Hapa ndipo ninapoiweka kalamu chini.